MASHUA NA MASHINE: KABLA HUJAPACHIKA INJINI KWENYE CHOMBO CHA TANGA, SOMA HII

Leo naomba tuache siasa na Bongo Fleva kidogo, tuongelee ishu moja ambayo huku kwetu Tanga inagusa watu kibao: injini za kupachika. Najua wengine mko kafe mmelipia nusu saa tu, kwa hiyo sitazunguka sana, ila hii inahitaji maelezo, vumilieni.

Sababu ya kuandika ni hii. Kuna jamaa sita hapa mtaani, mabaharia wa mashua moja ya tanga, wamecheza kibati muda mrefu ili wanunue mashine. Hela inakaribia kutimia. Tatizo ni kwamba sasa kila mtu kijiweni amekuwa fundi. Mmoja anasema chukueni HP 40, ndiyo mashine ya wanaume. Mwingine anasema HP 5 inatosha, msimalize hela. Muuza duka naye anasukuma ile iliyomkalia dukani siku nyingi. Basi wakaniambia, wewe uliyemaliza form four na unashinda mtandaoni, tutafutie ukweli. Nimesoma vitabu vya maelekezo ya mashine, nimekaa na mafundi, na haya ndiyo niliyoyapata. Hiyo hela ni ya familia sita. Wakinunua kisichofaa hakuna kibati kingine mwaka huu. Na hapo sijagusa roho za watu.

Kwanza, kwa nini chombo cha tanga kitake mashine? Upepo si ni wa bure? Ni wa bure, lakini haupo kila saa. Katikati ya kusi na kaskazi kuna wiki za shwari ambapo tanga linaning'inia kama shuka kwenye kamba. Halafu kuna mkondo. Hapa kwetu mkondo wa pwani unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi ndiyo unapamba moto zaidi. Upepo ukikukatikia katikati ya mkondo wa Pemba hubaki pale ulipo ukisubiri, unabebwa. Kuna watu wamelala wakiziona taa za Tanga, asubuhi wako karibu na Wasini, Kenya, barafu imekwisha na samaki wameanza kunuka. Ongeza na kurudi bandarini upepo ukiwa wa mbele, unapiga bisho kutwa nzima, maji yamekupwa, mlango wa miamba huuoni.

Kwa hiyo kazi ya mashine kwenye mashua ni kukutoa kwenye shwari, kukushindisha mkondo, na kukuingiza bandarini kabla ya giza. Hayo matatu. Ukishajua kazi yake ndiyo unaweza kujua ukubwa wake.

Sasa HP 40. Hapa naomba umakini maana ndipo hela za watu zinapozama.

Chombo kizito chenye mkuku kinapasua maji, hakipandi juu yake. Kikitembea kinatengeneza wimbi omo na lingine nyuma. Kadiri kinavyoongeza mwendo, umbali kati ya hayo mawimbi mawili unarefuka, mpaka unafika sawa na urefu wa chombo chenyewe ndani ya maji. Hapo mashua inakuwa imekaa kwenye bonde la wimbi lake yenyewe. Ukitaka kwenda kasi zaidi lazima ipande kilima cha maji ilichojitengenezea, na kwa uzito wake haipandi. Boti za faiba zenye kitako bapa zinapanda, ndiyo maana unaziona zinakwenda zimeinua pua. Mashua hapana.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua urefu wa chombo pale kinapogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.43. Jibu ni mwendo wa juu kwa noti. Mashua yenye mita 6 majini: kipeuo cha 6 ni kama 2.45, ukizidisha unapata noti 6, yaani kama kilomita 11 kwa saa. Ya mita 9 inafika noti 7 na kidogo. Basi. Hiyo ndiyo dari. Weka HP 15, weka HP 40, weka mashine ya meli ya Azam, mashua ya mita 6 itagota pale pale. Tofauti ni kwamba ya HP 40 itachimba tezi chini, omo itaangalia mawinguni, na utakunywa petroli lita 15 na zaidi kwa saa kwa mwendo ule ule. Halafu yenyewe ina kilo zaidi ya 70, unazitundika mwisho kabisa wa chombo.

Ukubwa unaofaa unatokana na uzito. Watu wa vyombo vya tanga duniani wanakadiria kama HP 4 kwa kila tani, hapo unapata akiba ya kupambana na upepo wa mbele. Utajuaje tani za mashua wakati hakuna mizani? Wadau, mnakumbuka Archimedes wa form one? Chombo kinachoelea kina uzito sawa na maji kilichoyasukuma. Kipakie kama unakwenda kazini, watu, nyavu, barafu, kila kitu. Pima urefu majini, pima upana majini, pima kina cha kilichozama kutoka mstari wa maji mpaka chini. Zidisha vyote. Halafu, kwa kuwa mashua siyo boksi, imechongoka, chukua kama asilimia 45 tu ya jibu. Ya hawa jamaa ilitoka mita 6 kwa 1.8 kwa 0.5, jumla 5.4, asilimia 45 yake ni kama 2.4. Maji ya chumvi mita moja ya ujazo ni kilo 1,025, kwa hiyo ni kama tani 2 na nusu. Mara 4 unapata HP 10. (Mwalimu wangu wa fizikia akisoma hapa asinidai ada ya tuisheni.)

Basi wao ni kati ya 8 na 15. Nimewaambia 15, na sababu siyo nguvu peke yake. HP 15 ndiyo saizi unayoikuta kila mwalo, kwa hiyo spea zipo, mafundi wanaijua kwa macho yaliyofumbwa, na siku ukitaka kuiuza inauzika. Ngalawa ya mtu mmoja au wawili ni habari nyingine kabisa, pale HP 2 mpaka 5 inatosha na unaibeba mkono mmoja.

Kuna swali la mashine ya kuchanganya oili na ile isiyochanganya, yaani tu-stroki na fo-stroki. Ulaya na Marekani sheria za moshi zimeziondoa sokoni tu-stroki za kabureta, lakini huku kwetu bado zinauzwa mpya, na Yamaha Enduro ndiyo utaiona mialo mingi. Fo-stroki inakula mafuta kidogo, haina kelele, haina moshi. Lakini angalia maisha yetu. Mashine hailali kwenye chombo, inaibwa. Kila jioni inafunguliwa, inabebwa begani mpaka nyumbani, asubuhi inarudi. Tu-stroki ya HP 15 ina kilo kama 40, fo-stroki ina 50 na ushee. Na fo-stroki huwezi kuilaza ovyo, ukiilaza upande usiotakiwa oili inaingia sehemu ambazo haipaswi kuingia. Ina oili ya kubadilisha, kwa kawaida kila saa 100 za kazi au miezi 6. Fundi wa ufukweni mwenye spana tatu na bisibisi anaifungua tu-stroki chini ya mwembe. Fo-stroki anaikuna kichwa.

Mimi kwa upande wangu, kwa hao jamaa, tu-stroki. Kama wewe una boti ya kutembeza watalii, unatembea saa nyingi kila siku na una sehemu salama ya kuifungia, fo-stroki itakurudishia hela kwenye mafuta. Kuna pia zile zinazotumia mafuta ya taa: unawasha kwa petroli, ikipata moto unahamia mafuta ya taa, na kabla ya kuzima unarudi petroli. Nguvu inapungua kidogo na plagi zinachafuka mapema. Piga hesabu ya bei za mafuta za kwenu kabla ya kuidaka.

Ukichukua tu-stroki shika hii kama namba yako ya simu: mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 400 za oili kwenye petroli lita 20. Mashine mpya masaa ya mwanzo inataka oili zaidi, kitabu chake kinasema kiasi gani, usikubali muuzaji akupe mashine bila kitabu. Na oili iwe ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3. Oili ya bodaboda haikutengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari. Kuna watu wanapunguza oili ili kubana matumizi. Mashine inafia baharini, wanabana nini sasa?

Tuje kwenye MGUU. Hili watu wengi hawaliulizi kabisa dukani. Mashine moja ya HP 15 inakuja na mguu mfupi wa inchi 15 au mrefu wa inchi 20, na kwa baadhi ya mashine kuna wa inchi 25. Chini ya mguu, juu kidogo ya pangaboi, kuna kibao bapa cha chuma. Kile kibao lazima kiwe chini ya kitako cha chombo. Kikikaa juu, pangaboi linavuta hewa badala ya maji. Utalisikia: mashine inapiga yowe ghafla na chombo hakiendi. Kwenye boti ya faiba kibao kikilingana na kitako inatosha. Kwenye mashua nasema kishuke sentimita 5 mpaka 10 zaidi, maana mashua inapiga mbizi, omo ikizama kwenye wimbi tezi linanyanyuka na pangaboi linatoka nje. Pima kutoka pale mashine itakapokaa mpaka usawa wa chini, kwa futi kamba, siyo kwa macho. Kwenye mashua nyingi jibu ni mguu mrefu. Na ukizidisha kushusha, kichwa cha mashine kinakuwa karibu na maji, wimbi moja la nyuma linakizamisha.

Halafu pangaboi lenyewe. Limeandikwa namba mbili, mfano inchi 9¼ kwa 8. Ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, yaani lingesonga mbele kiasi gani kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Mashine nyingi zinakuja na hatua ya 10 na zaidi, ya boti nyepesi ya kukimbia. Kwenye mashua nzito hiyo ni sawa na kupandisha baiskeli yenye gunia la mkaa mlima wa Lushoto kwa gia kubwa. Mashine haifiki mzunguko wake, inakohoa, inajaa masizi. Omba hatua ndogo, 7 au 8. Kama muuzaji hana, mwambie aagize ndiyo umalizie malipo.

Kwa wanaopenda historia: jamaa aliyeifanya injini ya kupachika iwe biashara kubwa ni Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Marekani, aliyeanza kuziuza mwaka 1909 huko Wisconsin. Jina lake lilibaki kwenye mashine mpaka 2020, uzalishaji ukafungwa. Ukikuta Evinrude kuukuu kwenye mwalo, uliza spea kwanza.

Sasa kupachika, na hapa ndipo nimejifunza mengi. Nilimfuata fundi mmoja mzee wa kuunda vyombo. Nikamwamkia, nikamwambia, "Babu, jamaa wanataka kufunga mashine kwenye ile mashua."

Hakuangalia hata karatasi yangu ya hesabu. Akaniuliza, "Mwanangu, tezi lake la mti gani?"

Nikamwambia sijui. Tukaenda wote. Akachukua msumari, akaudidimiza kwenye ubao wa nyuma. Ukaingia kama kwenye muhogo uliochemka.

"Huu mwembe," akasema. "Mwembe ukila maji ya mvua unaoza kwa ndani. Mkifunga hapa, mtarudi na tanga, mashine itabaki baharini."

Ndiyo hivyo. Mbao za mwembe ni za bei nafuu na vyombo vingi vinaundwa kwazo, lakini ubao wa kubeba mashine uwe mti mgumu, mvule au mbambakofi, unene wa sentimita 4 mpaka 6. Hiyo ndiyo nafasi ambayo vishikio vya mashine nyingi vinameza. Fikiria kinachotokea: pangaboi liko chini zaidi ya nusu mita kutoka vishikio, linasukuma mbele kwa nguvu ya kilo zaidi ya mia. Ni mtaimbo kabisa huo. Chini ya kishikio panasukumwa kuingia ndani, juu panavutwa kutoka nje. Kama ubao umeshikwa na misumari ya chuma iliyooza kwa kutu, unang'oka mzima mzima.

Alichopendekeza babu ni kuondoa ubao mbovu, kuweka mpya, halafu kipande cha ziada ndani na kingine nje pale mashine itakapokaa, vibanwe pamoja kwa bolti zinazopita moja kwa moja zenye washa kubwa, zisizoshika kutu. Ndani aweke magoti mawili ya mti, yaani vile vipande vya kona, ya kushika ubao wa tezi na mataruma ya ubavuni, ili msukumo ugawanyike kwenye chombo kizima. Kila tundu la bolti lizibwe vizuri kabla bolti haijakazwa, maana maji yakiingia kwenye tundu ndiyo mwanzo wa kuoza upya. Gharama hii iingie kwenye hesabu ya kibati. Jamaa hawakuwa wameiweka kabisa, walihesabu mashine na mafuta tu.

Pa kuiweka ni wapi? Katikati hapafai, pana fashini na usukani. Kwa hiyo inakwenda pembeni, lakini karibu na katikati kadiri inavyowezekana. Ukiisogeza mbali, tanga likilaza chombo upande wa pili mashine inatoka majini. Chagua upande ambao hamvutii nyavu. Kabla hujatoboa tundu lolote, shikilia mashine pale, mwenzako azungushe usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, na mashine nayo izungushwe. Visigusane hata kidogo. Usukani ukikutana na pangaboi linalozunguka, mmoja wao hafiki nyumbani. Kwa kuwa inasukuma kutoka pembeni, chombo kitavutika kidogo kwenda upande wa pili. Unaigeuza mashine nyuzi chache, unakaza skrubu yake ibaki hapo, na unaendesha kwa kana kama kawaida.

Dau lililochongoka nyuma na ngalawa havina ubao wa tezi. Pale fundi anaweka gogo la kukingama linalotoka nje ya ubavu, na kibao cha kusimama mwisho wake. Kwenye ngalawa kinakaa kati ya mtumbwi na mrengu. Inafanya kazi kwa mashine ndogo tu. Usimkubalie mtu anayetaka kukata dau nyuma bila kukuonyesha jinsi atakavyorudisha nguvu aliyoikata.

Jambo lingine ambalo babu alilisisitiza: mtikisiko. Chombo cha tanga kimekalafatiwa kwa pamba, na kimezoea kunyumbulika taratibu na mawimbi. Mashine inakitetemesha saa nzima mfululizo, pamba ya tezini inaanza kutoka. Kwa hiyo kukalafati upya sehemu ya nyuma ni lazima, na wiki za mwanzo chungulia ngamani kila safari. Kama mnafua maji kuliko zamani, rudini kwa fundi siku hiyo hiyo.

Na uzito wa nyuma. Mashine kilo 40, tangi la lita 20 kilo 15 na ushee, na nahodha kilo 65. Hizo ni kilo 120 zimekaa mwisho wa chombo. Wakati wa kusi mkiwa mnaelekea kaskazini mawimbi yanatoka nyuma, na tezi lililozama linayakaribisha ndani. Dawa ni kusogeza tangi mbele mpaka mpira wa mafuta unapofika, na barafu na nyavu zisogee mbele zaidi. Tangi lifungwe lisitembee. Halafu jiko. Vyombo vyetu vinapika baharini, ugali na samaki palepale. Petroli na jiko la mkaa kwenye chombo cha mita 6 havikai pamoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka ngamani na kukaa pale ukisubiri cheche. Siku za mashine jiko libaki nyumbani, mbebe chakula kilichopikwa. Najua wengine watanuna hapa.

Mashine ikishakaa, skrubu za kishikio zikaze kwa mkono kila mnapotoka, na ifungwe mnyororo au kamba nene kwenye taruma. Skrubu zinalegea kwa mtikisiko, huo ndiyo ukweli wake. Ule waya mwekundu wa kuzimia, ambao watu wanautundika kama mapambo, uvaliwe mkononi na anayeshika mashine. Akidondoka, mashine inazima. Asipouvaa, chombo kinaondoka, au kinazunguka na kumrudia na pangaboi.

Mkitumia tanga peke yake, nyanyueni mguu utoke majini. Ukiuacha unavuta chombo nyuma na unaota chaza. Mkitumia vyote pamoja, tanga na mashine kidogo, mwendo ni mtamu sana na mafuta hayaendi, ila angalia chombo kisilale mpaka mashine ikanyonya hewa. Kamba ya demani isiachwe ikielea. Kamba ikiingia kwenye pangaboi mashine inazima ghafla, na kwa kawaida inatokea pale unapoihitaji sana, mlangoni pa miamba. Kisu kiwepo karibu na nahodha.

Sasa hela, maana ndiyo inayovunja urafiki. Tu-stroki ya HP 15 ukifungua mafuta yote inakula kama lita 6 mpaka 7 kwa saa. Ukifungua nusu inashuka mpaka karibu nusu ya hapo, na kwa ile dari niliyoieleza mnapoteza kama noti moja tu ya mwendo. Yaani mwenye haraka analipa mara mbili ili afike dakika chache mapema. Kwenye vyombo vingi mafuta yanatolewa kwanza kwenye mauzo, ndipo linakuja fungu la chombo, fungu la nyavu na la mabaharia. Ikiongezeka mashine, na yenyewe inadai fungu lake. Siku ya samaki wachache, mafuta yamekula, fungu la mashine limekula, baharia anakwenda nyumbani na kitoweo. Hawa jamaa mashine ni ya wote sita, hivyo nimewashauri waandikiane kabla ya kununua: nani anashika daftari la mafuta, na kiasi gani kinawekwa kila wiki kwa ajili ya spea. Wameandika. Mmoja alinuna lakini amesaini.

Kama ni mashine ya mkononi, fungua skrubu ya chini uone oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili zimekufa. Iwashe kwenye pipa la maji, uone ule mkojo wa maji unaotoka nyuma. Hautoki? Usinunue mpaka sababu ijulikane. Usiwashe kamwe mashine ikiwa kavu, pampu yake ina kipepeo cha mpira kinachoungua kwa muda mfupi sana. Na kila ukitoka baharini, dakika 10 kwenye pipa la maji baridi, chumvi itoke.

Chombo kikishakuwa na mashine vyeti vyake navyo viangaliwe. Bara ni TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA, na leseni ya uvuvi ni halmashauri.

Kuna wanaonunua mashine halafu mlingoti na tanga vinaachwa ufukweni, eti sasa sisi ni wa kisasa. Hao siwaelewi kabisa. Plagi moja ikifa mbele ya Ulenge utasukumwa na nini? Tanga, foromali na makasia viingie kila safari, na maboya ya kuvaa kwa idadi ya watu.

Jaribio la kwanza la jamaa litafanyika maji mafu, asubuhi kabla ya matlai, ndani ya ghuba. Watapakia mawe kwa uzito wa barafu na samaki, watakwenda nusu saa mafuta nusu, dakika chache mafuta yote, na mmoja kazi yake itakuwa kukaa tezini kuangalia bolti na kusikiliza mbao. Kisha watavuta tanga, wanyanyue mguu, wapige bisho kulia na kushoto kuona kama kuna kamba inayokwama kwenye kichwa cha mashine. Babu amesema atakuja, lakini atabaki ufukweni na kahawa yake. Kama kuna mdau wa Pangani, Kilwa au Lamu aliyepachika kwenye dau lililochongoka nyuma, aeleze hapo chini fundi alifungaje lile gogo la ubavuni, kwa kamba au kwa bolti. Hapo ndipo mafundi wa huku hawakubaliani.